Msaada wakuu: stempu ya South Africa imefikaje kwenye barua ya babu iliyotoka Nairobi 1942? Na hili tundu je?

Kijana wa Masasi

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa mwenye ujuzi wa barua na stempu za zamani maana hapa nyumbani kila mtu anasema lake.

Baada ya arobaini ya bibi mzaa baba tulifungua sanduku lake la bati, lile ambalo hakuna mjukuu aliyeruhusiwa hata kulikalia, na chini kabisa chini ya kanga tukakuta bahasha kadhaa zimefungwa kwa kamba ya katani. Zote ni za babu akiwa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki) wakati wa vita ya pili. Babu mwenyewe sikumkuta. Anuani ni moja kote, jina la bibi halafu "kwa mkono wa Mwalimu" (jina naliacha, ukoo wake upo) U.M.C.A. (misheni ya Waanglikana) Masasi, via Lindi.

Sasa kinachonichanganya ni hivi. Bahasha ya kwanza ina muhuri wa Nairobi 1942 ila stempu zake ni mbili zimeshikana, moja imeandikwa SOUTH AFRICA na mwenzake SUID-AFRIKA, picha ni meli ya matanga, halafu juu yake wamepiga chapa KENYA TANGANYIKA UGANDA 5c. Babu hajawahi kufika South Africa hata kwa ndoto. Nyingine za 1944 hazina stempu kabisa, zina herufi O.A.S. kwa mkono pale kwenye kona na muhuri wa duara wenye maneno EA APO na namba. Na moja kati ya hizo barua yake ndani imekatwa tundu la mstatili, safi kabisa kama la wembe, panya hakati hivyo.

Baba mdogo anadai hazikuandikwa na babu kwa sababu miandiko ni tofautitofauti. Na kuna jamaa mmoja wa Kariakoo nimemtumia picha kasema anazitaka stempu tu, bahasha na makaratasi nibaki nayo, niziloweke kwenye maji ya vuguvugu zitabanduka zenyewe nimpelekee. Kweli ndivyo inavyofanyika?

Bahasha Chakavu

USILOWEKE. Mkuu kama maji yako jikoni yamwage sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Nakusanya hivi vitu miaka mingi so nikueleze taratibu. Hiyo stempu ya meli ikiwa peke yake ni ya kawaida sana, ziko nyingi duniani na bei yake haifiki hata nauli yako ya kwenda Kariakoo na kurudi. Kitu chenyewe ni bahasha nzima: stempu ikiwa palepale ilipobandikwa, muhuri umeipita juu ukaingia kwenye karatasi, anuani ya mbele, mihuri ya nyuma. Ukibandua umebaki na kipande cha karatasi kisichojua kilitoka wapi wala kilikuwa kinakwenda wapi. Huyo jamaa ama hajui anachonunua ama anajua sana, mimi siko hapa kumhukumu.

Haya, South Africa. Stempu zetu zile za picha ya Mfalme George wa sita, zenye korongo, jahazi, simba, Kilimanjaro, daraja la Jinja, zilikuwa zinachapishwa Uingereza kwa De La Rue halafu zinaletwa kwa meli. Vita ilipokolea nyambizi za Mjerumani zikawa zinazamisha meli baharini huko, mzigo ukawa hauna uhakika, posta za Nairobi na Dar zikaanza kuishiwa. Wakaangalia nani yuko karibu mwenye mtambo wa kuchapa, wakaipata Pretoria. Serikali ya kule ikachukua stempu zake yenyewe za peni moja, peni tatu, peni sita na shilingi ikazipiga chapa ya majina ya nchi zetu tatu na bei kwa senti: 5, 10, 20 na 70. Zilitoka kati ya Julai 1941 na Aprili 1942, hivyo muhuri wako wa 1942 unakaa sawa kabisa. Na hiyo kushikana mbili siyo bahati mbaya, kule walikuwa wanachapa stempu moja Kiingereza inayofuata Kiafrikana, zinapishana hivyo karatasi nzima, ndiyo maana ukikuta pea haijachanwa unaiacha ilivyo. Meli ile ni Dromedaris, iliyomleta Jan van Riebeeck Cape. Yaani askari wa Masasi anamwandikia mkewe kwa picha ya meli iliyomleta Kaburu pwani, mambo ya vita hayo.

O.A.S. ni alama ya askari aliye kwenye huduma ya vita, huyo barua yake inasafiri bila stempu. APO ni posta ya jeshi. Walitumia namba makusudi badala ya jina la mahali ili barua ikidondoka mikononi mwa adui asijue kikosi kiko wapi. Na tundu ni la mkaguzi wa barua, yaani censor wa jeshi. Afisa alisoma barua akakuta babu katamka kitu asichotakiwa kutamka, mara nyingi jina la mahali au habari za kuhama kikosi, akachukua wembe. Wengine walikuwa wanafuta kwa wino, huyo wako alipenda wembe.

Weka picha za NYUMA ya bahasha tuone mihuri ya kupokelea. Watu mnapenda sana mbele.

Mzee wa Fursa

Mkuu hizo ni milioni kadhaa nakwambia, wazungu wanazitafuta usiku na mchana. Njoo PM tuongee tusipoteze muda na wanahistoria

Bahasha Chakavu

@Mzee wa Fursa wewe si ndiye wa ule utapeli wa zebaki nyekundu mwaka juzi?

Karani Mstaafu

Kijana nimesoma habari yako nimefurahi, nami nichangie kidogo. Niliajiriwa posta enzi za Jumuiya ile ya kwanza, wakati stempu moja unaitumia Mtwara, Kisumu na Mbarara bila swali, na ukiangalia zile za baada ya 1964 utaona majina ya nchi wanayabadilisha mpangilio, hii inaanza Kenya, hii inaanza Uganda, hii Tanzania, ili asinune mtu. Jumuiya ikavunjika 1977 kila mmoja akabeba mifuko yake.

Kuhusu miandiko. Mwambie baba yako mdogo asiwe na haraka. Askari wengi waliokwenda vile vita walikuwa hawajasoma, au walijua kusoma kidogo lakini kalamu ni nzito. Waliandikiwa. Jeshini kulikuwa na walimu wa kikosi cha elimu ambao pamoja na kufundisha kusoma na kuandika walikuwa wanawaandikia wenzao barua, na asipokuwepo mwalimu kuna koplo aliyesoma misheni ataandika kwa sigara mbili. Sasa ukihama kikosi au mwandishi wako akiumia mwandiko unabadilika, ila maneno ni ya mwenyewe. Usitazame mwandiko, tazama anavyomsalimia mkewe. Hilo halibadiliki kwa kubadili karani.

Na huku upande wa pili ni hivyohivyo. Anuani yenu inasema kwa mkono wa Mwalimu, bibi hakuwa na sanduku la posta, nani alikuwa nalo? Barua inashuka Dar, inapanda meli ya pwani mpaka Lindi, Lindi inapanda lori mpaka Masasi, inapokelewa misheni, Mwalimu anamtuma mtoto kumwita mama fulani una barua yako, na kama hajui kusoma anasomewa palepale barazani na majirani wamejaa. Kwa hiyo ile barua imesemwa na babu, imeandikwa na mtu, imesomwa na afisa, imesomwa na Mwalimu, ndiyo ikafika kwa bibi. Siri hapo ilikuwa haipo, watu waliongea kwa mafumbo. Mimi mwenyewe nikiwa dirishani miaka ya sabini nimesomea watu barua nyingi tu na nimewaandikia simu za maandishi (telegramu), na kule unalipia kwa neno basi utamkuta mzee anahesabu kwa vidole, NJOO BABA MAHUTUTI, maneno matatu, anauliza mahututi siwezi kuliondoa? nikamwambia mzee ukiliondoa hatakuja.

Ukitaka kusoma muhuri wa zamani chukua taa ya simu imulike bahasha kwa ubavu siyo kwa juu, pale wino ulipofifia alama ya chuma bado imebonyea kwenye karatasi.

Jambo lingine tafadhali, usiende steshenari kuzileminetisha. Najua ndiyo mchezo wetu, cheti cha kuzaliwa tunaleminetisha, hati ya kiwanja tunaleminetisha. Lile joto na gundi karatasi ya 1944 haitoki tena humo. Na selotepu usiiguse.

Kijana wa Masasi

Shikamoo mzee wangu, asante sana. Hiyo ya taa kwa ubavu nimejaribu sasa hivi nimepata tarehe mbili ambazo mwanzo nilikuwa naona doa tu.

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu.

wa Machakos

Hamjambo watu wa TZ. Mimi ni mgeni huku nimeletwa na google lakini hii story imenigusa acha niseme yangu.

Sisi kwetu tuko na barua moja tu na si ya kutoka vitani, ni ya kwenda. Iliandikwa na baba yake cucu (bibi) wangu kwa kijana wake aliyekuwa kwa artillery (kikosi cha mizinga), ikarudi. Mbele jina na namba yake ya jeshi imepigwa mstari kwa penseli ya buluu, na stamp ya kurudishwa kwa mwenye kuituma. Hakuna mtu aliwahi kuelezwa vizuri kilichotokea, wazee walikuwa wanasema tu alipotelea maji. Nikiwa campo ndio nilikuja kusoma habari ya meli Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa Februari 1944 na convoy ikielekea Colombo, tarehe 12 karibu na Maldives submarine ya Japani I-27 ikaipiga torpedo mbili, ikazama kwa dakika chache sana. Watu 1,297 walikufa, na wengi wao ni hao wa 301st Field Regiment, East African Artillery, vijana wa kutoka huku kwetu. Kulikuwa pia na manesi. Hio submarine nayo ilizamishwa siku hiohio na meli za kusindikiza, na wakiwa wanaiwinda walitupa mabomu ya maji pale pale watu walikuwa wanaogelea.

Majina yako kwa memorial pale Nairobi War Cemetery, nilienda nikalipata. Lakini kwa nyumba kilichobaki ni hio bahasha. Ndani haijafunguliwa. Ilirudi ikiwa imefungwa na baba yake akakataa ifunguliwe, tangu hapo hakuna mtu amefungua.

Bahasha Chakavu

@wa Machakos pole sana ndugu. Tafadhali isifunguliwe kwa kuchana, na kama mkiamua kufungua siku moja mtafuteni mtu wa nyaraka awasaidie. Penseli ya buluu ni kawaida ya posta, ndiyo waliyokuwa wanafutia anuani.

@Kijana, hiyo ya EA APO umesema 1944 mwezi gani? Na kuna namba ya KAR popote?

Kijana wa Masasi

Jina lake linafuatiwa na 36 KAR. Muhuri wa jeshi ni Oktoba 44. Nyuma Dar es Salaam ni 28 Desemba, Lindi 6 Januari 45, Masasi 11 Januari.

Bahasha Chakavu

Basi twende. 36 KAR ilikuwa ya Tanganyika, na 26 KAR pia. Zote mbili zilikuwa ndani ya divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokusanywa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, halafu katikati ya 1944 ikapelekwa Burma. Agosti mpaka Novemba 1944 walikuwa wanashuka bonde la Kabaw kuwafukuza Wajapani, msimu wa mvua wenyewe, bonde lina malaria ya kutisha, magari yanazama kwenye matope mpaka chakula kinadondoshwa kwa ndege. Katikati ya Novemba wakaingia Kalemyo, Desemba wakafika Kalewa wakavuka mto Chindwin. Kwa hiyo Oktoba babu yako alikuwa Kabaw, na alichotaka kumtajia bibi naamini ni jina mojawapo la kule. Haya tuandikie palipo na tundu, mstari wa kabla na wa baada.

Chalii ya Tanga

Samahani kuingilia, na hizi za Mjerumani zina thamani? Kuna mzee Lushoto anasema kuna stempu zilichapishwa hukohuko milimani kwao, nikajua ni stori za kahawa.

Bahasha Chakavu

Mzee yuko sahihi kabisa, tena hiyo ni hadithi ninayoipenda kuliko zote za posta ya nchi hii. Vita ya kwanza, Mwingereza kafunga bahari, mpaka 1916 inaanza stempu za Mjerumani zinaelekea kuisha. Wakaiomba mitambo ya misheni ya Wuga pale Usambara, ambayo kazi yake ilikuwa vitabu vya dini, ichape stempu. Zikachapwa aina tatu, heller 2½, heller 7½ na rupia moja, sura yake hovyo tu kama risiti ya duka. Kabla hazijaanza kuuzwa Machi 1916 meli ya Marie ikapenya ulinzi wote wa Mwingereza ikatia nanga Sudi, hapo hapo Lindi kwa kina Kijana, imebeba silaha, risasi, dawa na ndani yake stempu mpya kutoka Ujerumani. Za Wuga zikawa hazina kazi. Baadaye zikafukiwa ardhini zisije zikatekwa, vita ilipoisha wakazifukua wakaziuza kwao Ujerumani. Kwa hiyo ukiletewa barua ina stempu ya Wuga na muhuri juu, kaa nayo mbali.

Na zama zile kila jeshi lililoingia lilikuja na chapa yake. Mafia ilipotekwa 1915 wakapiga G.R. MAFIA, waliotokea Nyasaland wakaja na N.F., Wabelgiji waliposhika Kigoma na Tabora wakaweka chapa ndefu ya lugha mbili, Waingereza baadaye G.E.A. Yaani ukipanga bahasha za Tanganyika za 1914 mpaka 1918 unaiona ramani ya vita inavyohama. Ila Chalii fungua uzi wako tutakuja, huu tumwachie mwenye tundu.

Kijana wa Masasi

Nimeisoma na shangazi jana maana maandishi ya zamani yananishinda. Ninanakili kama yalivyo:

"Baada ya salamu nyingi mimi sijambo, shauri ni lako wewe uliye huko na watoto. Sasa sisi tuko [TUNDU] na mvua ya huku siyo kama ya Masasi, huku inanyesha mpaka viatu vinaota uyoga. Wajapani hatuwaoni mchana."

Sasa wakuu balaa liko nyuma ya karatasi. Kumbe wembe wa yule afisa ulipita pande zote mbili. Upande wa pili alikuwa anatoa maagizo ya hela, na tundu limeangukia hapa:

"Zile shilingi arobaini utakazopokea boma usizile zote, kumi na tano umpe [TUNDU] kwa sababu yeye ndiye aliyesimama wakati wa shida yangu, wala usimwambie kaka."

Shangazi kasimama palepale. Anasema kumbe ndiyo ile kesi! Ukoo umegombana miaka na miaka kuhusu hela za vitani, upande wa kaka yake babu wanasema zilikuwa zao, upande wa mjomba wanasema zao, na hakuna aliyejua kwamba jina lilikatwa na mzungu.

Karani Mstaafu

Hahaha, na yule afisa wala hakugeuza karatasi kuangalia nyuma kuna nini. Jina la mahali kalilinda, ukoo kauvunja.

Hela ya boma ni ile sehemu ya mshahara askari aliyoagiza alipwe mkewe, ilikuwa inalipwa kwa DC kwa orodha na mama anaweka dole gumba. Orodha inaonyesha aliyepokea boma tu, haitakuonyesha aligawia nani. Angalia barua inayofuata, mara nyingi mtu akijibiwa huwa anarudia jambo.

wa Machakos

Nimecheka na machozi yako kwa macho. Hebu angalia hio ya kufuata bwana

Kijana wa Masasi

Nimeipata, ni ya 1945, mwandiko mwingine tena ila salamu ni zilezile kama mzee alivyosema, "shauri ni lako wewe uliye huko". Mstari wa nne anasema:

"Barua yako nimeisomewa nimefurahi. Umefanya vema sana kumpa zile kumi na tano, sasa moyo wangu umetulia."

JINA HAKUNA. Wakuu nitachanganyikiwa. Na cha ajabu zaidi bibi aliipokea ile barua ikiwa tayari na tundu, alijuaje ampe nani?

Mzee wa Fursa

Bibi alijipa mwenyewe mkuu. Akajibu "nimempa". Huyo ndiye mtu wa fursa

Kijana wa Masasi

Shangazi nimemsomea hiyo comment amecheka mpaka amekaa chini, halafu akaniambia nifunge sanduku.